Nusu ya Juu ya Mitopetope

Nyumba ya Bustanini,
Mwisho wa barabara ya vumbi.
Jumapili, baada ya mvua ya asubuhi.

Shemeji mpendwa,

Habari za huko, habari za baridi? Mwanyumba mwenzangu, huyo mumeo, mgongo wake umepoa? Na watoto, bado wanakula kwa kuchagua, au shule imewafundisha njaa? Mimi huku ni mzima, ila goti la kushoto limeanza kudai heshima. Nikiinama kwenye rihani linanikumbusha umri wangu bila kuulizwa. Kuku hawajambo. Yule paka mwizi naye hajambo, kwa bahati mbaya.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu imenishinda, Shem. Ulikuwa ukipiga nasema "tupo, tunashukuru," nawe unasema "haya, jikaze," halafu tunanyamaza wote wawili, salio linaisha tukisikilizana tunavyopumua. Sasa ni miezi hujapiga, wala sikulaumu. Mimi mwenyewe sijapiga.

Kilichonikalisha mezani ni hiki. Mjomba wenu alikuja wiki iliyopita. Anasema shamba ni lenu, mama yenu aliwaachia ninyi mabinti wawili, na kwa kuwa dada yako ametangulia, limebaki kwako peke yako. Anasema kuna mtu wa nyanya analitaka lote, mpaka kwenye ukuta wa jikoni, na kwamba wewe umeshaambiwa na umesema utafikiri. Sikujua kama kuna jambo unalifikiri.

Huyo mtu wa nyanya nimemwona. Ni wale wa kupiga dawa asubuhi na jioni mpaka nzi wanahama mtaa. Miti yote ataing'oa, anasema inamzibia jua. Alipita kwenye mrozimari wa dada yako akauvunja tawi, akalinusa, akauliza hili ni gugu gani. Nikamwambia ni dawa ya wasiojua kuuliza. Mjomba wenu alinikata jicho.

Lakini usije ukaamua juu ya shamba unalolikumbuka tu, ngoja nikueleze lilivyo sasa. Mchaichai umejaa mpaka umebana njia ya chooni. Miforosadi imezaa sana, ndege wamekula, nimekula, na shati langu la kutokea limeharibika kwa madoa. Mnanaa ndio usiseme, ukiupa kona unataka sebule. Kile chumba ulichokuwa unalala ukija, nimekifanya cha kukaushia majani. Ukija utalala kama uko ndani ya birika la chai.

Mpishi wa hoteli bado anakuja kila Ijumaa kuchukua majani mabichi. Anasema ya kwetu yananukia kuliko ya sokoni, ila mafungu yangu yanafumuka njiani na giligilani inamfika imelala chini ya viti vya gari. Dada yako alikuwa na fundo lake la kufungia. Miaka yote alilifunga mbele ya macho yangu na mimi sikulitazama hata siku moja. Nimejaribu kila namna, nimeshindwa.

Mkaguzi wa kilimo hai naye alikuja, yule mama wa miwani, kuangalia kama bado hatutumii dawa za dukani. Alimaliza kazi yake mapema tu. Mimi nikamwonyesha mboji, nikamwonyesha pipa la maji ya mwarobaini, nikamrudisha kwenye mboji, nikamwonyesha mti mmoja mmoja na historia yake, mpaka gari lililomleta likamwacha. Alicheka, maskini, lakini aliondoka amechoka. Nilipofunga geti niliona aibu. Nilikuwa namzuia asiende, basi.

Nina upweke, Shem. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mpishi. Nimekosa hata mtu wa kuniambia nimezidisha chumvi.

Sasa nije kwenye mitopetope, maana ndiyo iliyompa mjomba maneno. Wewe uliondoka kabla hatujaanza kuichavusha kwa mkono, kwa hiyo nivumilie. Ua la mtopetope lina tabia ya ajabu: linapoanza kufunguka ni jike, likishachanua kabisa limekuwa dume, na hao wawili hawakutani. Wadudu wa kuwakutanisha ni wachache. Basi jioni tunakung'uta unga wa maua yaliyochanua, tunauweka kwenye kikopo, na asubuhi tunaupaka kwa brashi ndogo kwenye yale yanayoanza kufunguka. Ua moja baada ya jingine. Ukichelewa limeshageuka dume, na mti unabaki na majani yake.

Kazi hiyo tuliigawa. Dada yako alianza juu, kwenye ukuta wa mawe, mimi nilianza chini, kwenye geti. Tukishuka na kupanda hivyo tunakutana katikati, pale kwenye bomba. Anayefika wa kwanza anamsubiri mwenzake kwa kejeli. Mara nyingi ni yeye. Alikuwa ananiita Kobe, na anahakikisha jirani amesikia. Kisha tunanawa, tunakunywa chai tukiwa tumesimama, tunarudi ndani.

Msimu uliopita, wa kwanza bila yeye, nilisema sitaacha kazi hata siku moja. Na kweli sikuacha. Kila asubuhi nilianza kwenye geti na kikopo changu, nikapanda mti kwa mti mpaka kwenye bomba, nikanawa, nikanywa chai, nikarudi ndani. Msimu mzima, Shem. Nilijiona mwanamume hodari kweli, nimefiwa na bado kazi inakwenda.

Matunda yalipoanza kukomaa, mpishi alikuja na makreti yake. Akajaza huku chini, matopetope makubwa, mengine yanaegemea ardhi. Akavuka bomba kwenda juu. Nikamsikia anaita, "Mzee, huku mbona majani matupu? Huku alikuwa anashughulika nani?"

Nikamjibu ni ndege. Kisha nikasema ni ukame, na tulikuwa tumesimama kwenye matope. Alipoondoka nikaenda kusimama pale kwenye bomba, nikatazama juu, nikatazama chini, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Sikuwahi kuvuka. Si kwa kuchoka wala kwa uvivu. Miguu ilikuwa inafika pale ambapo kila siku ilifika, inasimama, na mimi nilikuwa nakunywa chai yangu namsubiri mtu bila kujua kwamba namsubiri.

Nililia, shemeji yangu. Sikulia hivyo siku tunamzika. Siku ile watu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa ananishika bega. Pale kwenye bomba nililia mpaka paka akaja kuangalia kuna nini.

Mjomba wenu yeye hakuona hayo. Wakati ule wa mavuno alipita akaona miti ya juu mitupu, basi. Wiki iliyopita akasema nusu ya shamba imeshakufa na hiyo nyingine itafuata, kwamba mwenye mkono wa kilimo alikuwa marehemu na mimi nilikuwa mbeba ndoo. Hilo sikubisha sana, lina ukweli ndani yake. Akasema tena, mbele ya huyo mtu wa nyanya, kwamba mwanamume aliyefiwa na mke akabaki ukweni ni mgeni aliyesahau kuaga. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi mama yenu alinipa jembe siku ya kwanza, hata chai sijanywa, nikafurahi kweli, nikajua nimekubaliwa. Nilitaka kumwambia hivyo mjomba, nikaishia kuwafungulia geti.

Miti haijafa. Uje uione, au uniamini. Imechanua tena wiki hii, juu na chini, na mimi sikusubiri uamuzi wako kwa sababu maua hayasubiri barua. Asubuhi naanzia juu, kwenye ukuta, upande wa dada yako. Nikimaliza hapo ndipo nashuka upande wangu. Sifiki kwa wakati, maua mengi ya chini nayakuta yameshageuka dume, lakini nimeona heri pungufu iwe kwangu. Matunda ya upande wake yatakuwepo. Yatakomaa baada ya miezi kadhaa, na kama wakati huo kutakuwa na nyanya hapa, basi itakuwa nimepaka rangi nyumba inayobomolewa. Acha iwe hivyo.

Nisikufiche kitu: ningependa kubaki. Sina pengine ninapopajua usingizini. Lakini sikuandikii kukuomba ardhi. Wewe una watoto, una ada, una maisha ya huko ambayo mimi siyajui, na kilicho chenu ni chenu. Ukisema limekwenda, nitafungasha majani yangu, kuku nitampa jirani, paka atajitafutia mwenyewe kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mjomba hatanikuta getini nikimbishia.

Ninachokuomba ni kwamba uamuzi huo uniandikie wewe, kwa mkono wako, usinitumie kwa mjomba. Unajua mimi sikulelewa na mtu. Nilikuja kwenu nikiwa sina hata wa kunisindikiza kuposa, nikamwazima kinyozi akajifanya baba yangu mdogo, na mama yenu alijua, akacheka, akanyamaza. Shemeji, wapwa, mama mkwe, hata mjomba mwenyewe na ukali wake, majina yote hayo niliyapata kwa dada yako. Kabla yake nilikuwa sina mtu wa kumwita chochote. Kwa hiyo shamba mpe unayemtaka, lakini niambie jambo moja: baada ya hapo, wewe nitakuita nani?

Msalimie mwanyumba, mwambie mgongo haudanganywi kwa vidonge, apumzike. Wasalimie watoto, yule mkubwa mwambie sijasahau kwamba aliniita babu, nami bado nimekasirika. Shangazi yenu wa hapo jirani anakusalimu na anauliza kama huko mnapata jua. Mungu awafunike kwa rehema zake, awaamshe salama kila siku, na baridi isiwaingie mifupani.

Ni mimi nikupendaye,
mume wa dada yako.