Kompyuta ya Baba Mkwe Imebaki Mwezi wa Tatu

Matongo, Jumatatu, 9 Juni 2025. Asubuhi baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, baadaye jua.

Dada Honoratha mpendwa,

Nakusoma kila wiki na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia mimi, lakini naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na usinishangae kuanza na tarehe na hali ya hewa, ndivyo ninavyoandika shajara yangu na mkono umeshazoea.

Mimi ni mke wa Joel, anayefanya kazi ya zamu mgodini upande wa Kewanja na kurudi nyumbani siku za mapumziko, na ninaishi na mtoto wetu Gift katika mji wa baba mkwe, mzee Waitara, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mke wake, mama Ester, alifariki mwaka juzi. Nimesoma hadi kidato cha nne, nikaongeza mafunzo kidogo ya kompyuta, na sasa nachapa na kutoa kopi kwenye stesheneri ya mtu pale Nyamongo. Baba ana kompyuta ya mezani aliyopewa na walimu wenzake alipostaafu, zamani ilikaa sebuleni, lakini mama alipofariki akaihamishia chumbani kwake, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu kwetu Wakurya mkamwana haingii chumba cha baba mkwe, hakalii kiti chake, hata mkono hampi, kwa hiyo kompyuta ile inayonihitaji mimi sijaigusa tangu mazishi.

Shida yenyewe ni kwamba kuna tovuti zinazokataa kufunguka na nyingine zinafunguka bila taabu. Ya timu yake ya mpira inafunguka, ya matokeo ya mitihani haifunguki, na yeye kila mwaka lazima aone shule yake ya zamani imefaulisha wangapi, na gazeti lenu hili halifunguki kabisa, ndiyo maana nimethubutu kukuandikia, najua hatasoma.

Tulianza kuitafuta shida hatua kwa hatua. Mimi nakaa kwenye kigoda koridoni, nimeupa mlango mgongo, yeye yuko ndani nyuma ya pazia, ananisomea kilichoandikwa kwenye skrini nami namwambia abonyeze wapi. Nilijaribu kwanza simu yangu kwenye modemu ileile, ikafungua kila kitu, nikajua mtandao hauna kosa. Tukabadilisha programu ya kufungulia tovuti, tukafuta kumbukumbu zake za zamani, tukazima kinga ya virusi kwa muda kisha tukairudisha, kila jambo peke yake ili tujue lipi limesaidia, na hakuna lililosaidia. Akanisomea, kwa ile sauti yake ya imla, kwamba muunganisho wako si wa faragha, kisha akasema faragha gani tena wanayoitaka hawa, humu ndani naishi mimi na mende.

Juzi akasoma mstari mwingine, kwamba cheti cha usalama cha tovuti hii kitaanza kutumika mwezi wa nne. Akacheka sana, akasema hao watu wamelewa, mwezi wa nne umepita siku nyingi.

Nikamuuliza, "Baba, kwenye kona ya chini hapo imeandikwa tarehe ngapi?"

Akasema, "Hiyo iache, Mama Gift. Fundi aliniambia nisivuke tarehe tatu ya mwezi wa tatu."

Dada, hapo nilielewa yote, kwa sababu wateja wetu hufanya hivyohivyo. Mtu anawekewa programu ya majaribio, siku zake zikikaribia kuisha fundi anamfundisha kurudisha tarehe ya kompyuta nyuma, na programu inadanganyika inaendelea kufanya kazi. Basi baba kila asubuhi anairudisha kompyuta mwezi wa tatu, na kompyuta ikiamini kuwa ni Machi, cheti kilichotolewa Aprili inakiona bado hakijazaliwa, inakikataa pamoja na tovuti yake, na zile zenye vyeti vya zamani zinapita. Kuirekebisha ni kazi ya dakika chache.

Lakini programu yenyewe najua ni ya nini, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Kila asubuhi naweka chai yake kwenye kigoda nje ya pazia, nasema shikamoo baba, anaitikia marahaba, na hapohapo sauti ya mama Ester inaanza chumbani. Ni rekodi iliyotoka kwenye simu yake ya zamani, ya aina ambayo kompyuta ile ilikuwa haiwezi kuicheza hadi fundi alipoweka hiyo programu. Mama anaongea Kikurya, anafukuza kuku, anamwambia mumewe kwamba chai inapoa na yeye hatishwi na ualimu mkuu wake, kisha anasema mwambieni Mama Gift asisahau kuanika ulezi, halafu anacheka na rekodi inakatika. Sauti huwa juu mpaka uani inasikika. Niliwahi kumletea hedifoni kutoka kazini, anazitumia kwenye mpira tu. Mimi husimama pale na trei mkononi mpaka mama acheke ndipo niondoke, na sijamwambia mtu yeyote.

Sasa baba ameamua kwamba Jumamosi anaipeleka kompyuta Tarime mjini ipigwe Windows upya. Anasema mashine imezeeka kama yeye, afadhali mmoja wao arudishiwe ujana. Hajui kwamba mafundi wengi wakipiga Windows hufuta kila kitu kilichomo, mimi nimewaona watu wakilia pale dukani kwa ajili ya picha za harusi, na yeye anadhani sauti ile inakaa ndani ya programu, na programu fundi ataiweka tena. Rekodi hiyo haipo mahali pengine popote, simu yenyewe ilitumbukia kwenye birika la ng'ombe.

Nikimwambia tuhifadhi sauti ya mama kwanza, nimekiri kwamba mkamwana husimama mlangoni kwake kila asubuhi akisikiliza mambo ya chumbani kwake. Nikinyamaza, mama anafutwa. Joel nilimwambia habari ya tovuti tu, akasema mwache mzee na chuma chake, na habari ya sauti sikuweza kumwambia kwa simu, ni mama yake, nitaanzaje? Nimefikiria hata kuficha waya wa umeme ili safari ishindikane. Nifanye nini, dada yangu?

Mama Gift, Matongo

*

Mama Gift,

Kwanza acha waya wa umeme mahali pake. Mwanamke aliyeweza kugundua ugonjwa wa kompyuta akiwa ameipa mgongo hana haja ya kuwa mwizi wa waya.

Nakujibu leoleo mtandaoni kwa sababu Jumamosi haitatusubiri, na nitakugombeza kidogo kisha nikuache. Umeisoma kompyuta kwa makini sana, lakini mwenye kompyuta hukumsoma. Rudia barua yako mwenyewe. Mzee ana hedifoni na anajua kuzitumia. Mpira anausikiliza masikioni asisumbue watu, ila mke wake anamfungulia sauti mpaka uani, tena hamwanzishi kabla ya chai wala baada ya chai, bali pale unapomwamkia ukiwa mlangoni. Mwalimu mkuu aliyesimamia watoto miaka yote hiyo hajui nani amesimama nje ya mlango? Unaogopa atajua kwamba unasikiliza. Mimi naona anaogopa kwamba husikilizi.

Mila yenu naiheshimu, na sitakuambia uivunje, mimi ni mtu wa Kagera na sina ruhusa ya kukufundisha ukwe wa Kikurya. Ila inakukataza chumba na kiti. Haijakukataza neno. Mmeshaongea kupitia pazia hilo kuhusu virusi na modemu na mende, na hakuna aliyepungukiwa heshima. Neno moja kuhusu mama halitaubomoa mji.

Basi fanya hivi. Kesho au keshokutwa, weka chai, amkia, msikilize mama mpaka acheke. Usikohoe kana kwamba ndiyo kwanza umefika. Sema, "Baba, kabla hujaenda Tarime, sauti ya mama tuihifadhi kwenye flashi." Sema hivyo tu, usieleze, usiombe msamaha kwa jambo ambalo si kosa, halafu nyamaza umwachie nafasi. Flashi iweke kwenye kigoda kama unavyoweka chai, urudi nyuma, aichukue mwenyewe. Mwongoze anakili rekodi, aifungue kutoka kwenye flashi aone inalia, kisha nakala nyingine iingie kwenye simu yako. Unafanya kazi stesheneri, programu ya bure inayocheza rekodi za aina hiyo unaijua kuliko mimi, mwekee hiyo. Rekodi ikishakuwa salama mahali pawili ndipo mguse tarehe, si kabla. Tarehe ikiwa sawa tovuti zitafunguka na safari ya Tarime itakuwa haina kazi.

Na Joel aambiwe, ila si kwa simu. Akija mapumziko, asikilizishwe na baba yake. Wewe uko nyumbani na mama kila asubuhi, mwanawe yuko kwenye mashimo anafikiri sauti hiyo imezikwa. Hilo ndilo nililokukasirikia kweli.

Jambo la mwisho. Unasema umethubutu kuandika kwa sababu gazeti letu kwake halifunguki. Umesahau kwamba ukifuata ushauri wangu litafunguka, na wewe umetaja mji, jina, chai na mende. Kwa hiyo namalizia na yeye. Shikamoo, mzee Waitara. Mkamwana wako hajasikiliza mambo ya chumbani kwako, amesimama kwenye msiba pamoja na wewe kila asubuhi, na trei imemchosha mkono. Mwekee kigoda cha pili.

Honoratha

*

Matongo, Ijumaa, 13 Juni 2025. Asubuhi mawingu na upepo, manyunyu kidogo, hayakulowesha.

Dada Honoratha,

Nilisema kama ulivyoniagiza, na baada ya kusema nikasikia kiti chake kikilia, nikahesabu nyuzi za pazia.

"Kumbe unasikia," akasema.

"Nasikia, baba. Kila siku."

"Mimi nilidhani unaondoka kabla hajafika kwenye ulezi."

"Sijawahi kuondoka kabla ya ulezi, baba."

Akapenga kamasi kwa muda mrefu, akasema baridi ya mwaka huu ni mbaya, halafu akaniuliza hiyo flashi iko wapi. Tukanakili, tukaweka ile programu ya bure niliyokuja nayo kwenye flashi, tukajaribu, ikalia vizuri, nami nikaitia kwenye simu yangu. Kisha akarekebisha tarehe mwenyewe, akinitajia kila namba kwa sauti kama anaita mahudhurio, na alipofika Juni akasimama kidogo kabla ya kubonyeza. Matokeo ya mitihani yakafunguka. Gazeti lenu likafunguka. Ukurasa wako aliusoma wote kwa sauti, mimi nikiwa kwenye kigoda nimeficha uso kwenye khanga, na hakusema lolote ila kwamba sentensi zangu ni ndefu mno na angenikata alama, na kwamba habari ya mende ilikuwa ya ndani ya nyumba. Salamu zako ameitikia marahaba, kwenye skrini.

Tarime haendi tena. Joel amefika jioni, baba amemwita chumbani, na mama alipocheka nimemwona mume wangu akitoka moja kwa moja kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungwa. Aliporudi ameniomba nimwekee kwenye simu yake pia.

Kigoda cha pili kipo koridoni, nimekikuta asubuhi. Ulezi nimeuanika jua lilipotoka. Nakwenda kulala, saa nne na robo usiku.