Kengele ya Mama

Aldmere, 4 Januari 1958

Dada Hester,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi wazima, isipokuwa Mama; kifua kimembana, na daktari hasemi mengi. Theluji imefika madirishani.

Kuna jambo linaninyima raha. Unajua mtu akifa hapa mimi ndiye mpiga kengele: mara sita kwa mwanamke, kisha mara moja kwa kila mwaka wa umri wake. Jana Mama kanishika mkono. "Wilf, zamu yangu ikifika, koma sabini na nane."

"Mama, una themanini na tatu!"

"Baba yako alinioa akijua mimi ni mdogo kwake. Amelala pale pale chini ya mnara. Unataka aje asikie leo?"

Mnara ule una miaka mia saba, haujamdanganya mtu. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Wilf

Leeds, 9 Januari 1958

Wilf mdogo wangu,

Hatujambo, mguu wa Arthur ndio ule ule. Barua yako imenichekesha hadi nikalia. Lakini usithubutu. Umemsahau Bi Prudence, jirani yetu? Alisoma darasa moja na Mama, miaka yote hawapikiki chungu kimoja, na kila kengele ikilia huhesabu kwa njegere kavu dirishani. Punguza moja tu, atatangaza kijiji kizima, na Mama atachekwa kaburini. Piga zote. Reli ikifunguka nakuja.

Dada yako,
Hester

Aldmere, 20 Januari 1958

Dada,

Pole, nami nijipe pole. Theluji ndiyo iliyokuzuia, hakuna anayekulaumu. Tumemzika Mama Ijumaa kando ya Baba.

Nilipanda mnarani nimeshaamua kufuata neno lako. Nikapiga zile sita, nikaanza miaka. Nilipofika sabini na nane mikono ilikataa, dada. Niliiacha kamba nikakaa sakafuni, nikalia.

Niliposhuka, Bi Prudence alikuwa amesimama langoni katika theluji, na kikombe chake cha njegere. Nikajua leo nimepatikana.

"Wilfred, nimehesabu sabini na nane."

Aligeuka akatazama kaburi la Baba.

"Basi ni sawa," akasema. "Nami nilikuwa darasa moja naye, kwa hiyo nina sabini na nane. Siku yangu ikifika, usije ukazidisha."

Mdogo wako,
Wilf