Salamu Zisubiri

Mdogo wangu,

Daktari amesema leo asubuhi kwamba Baba amevuka hatari. Tayari analalamikia shuka za wodini.

Jumatatu alianguka bafuni, akawa anahema kwa shida. Mama alinipigia mimi kwanza, mara tatu. Nilikuwa kikaoni, simu nimeizima. Ndipo akapiga namba ya dharura, akaanza: "Hujambo mwanangu? Habari za kazi?"

"Mama, salamu zisubiri. Mko wapi?"

Akataja mtaa, jengo la kijani mkabala na kinyozi, ghorofa ya pili. Akaambiwa asikate simu, naye hakuikata mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Mama hajanilaumu. Kasema tu, "Kosa langu. Wewe si gari la wagonjwa."

Baba anatoka Ijumaa saa nne. Saa tatu nitakuwa nimeshafika.

Kaka yako