Mpishi wa Loresho, Mlaji wa Dagoretti

Baba yetu mpendwa, Ephantus Kibe,

Mwaka umezunguka tangu utuache, asubuhi ile ya Agosti 2005, nimonia ilipokushinda nguvu. Hapa Dagoretti bado tunakutaja kana kwamba uko njiani kutoka kazini, na jioni ikifika kuna mtu anayesikiliza lango.

Mtu huyo ni binti yako Nyokabi. Hatulii. Anaketi, anainuka, anafunua sufuria aliyoifunua sasa hivi, anatoka nje na kurudi. Mama akimwuliza anatafuta nini, anasema hakuna.

Tunakukumbuka kwa upole wako na usafi wako. Ulipika katika nyumba moja ya matajiri kule Loresho tangu kabla Kinyanjui, mwanao wa kwanza, hajazaliwa. Ukifika nyumbani ulinawa hadi viwiko kwa sabuni ya kipande, ukatundika koti, ndipo ukatuamkua. Harufu ya siagi na vitunguu ilikufuata hadi mlangoni, sabuni ikaimaliza. Hukutuambia umepika nini huko. Hata Krismasi hukushika mwiko kwetu. Ulisema jiko la hapa lina mpishi wake.

Mpishi huyo alikuwa Nyokabi. Miguu ya Mama ilipoanza kuvimba, aliacha shule darasa la sita akashika jiko. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya pazia akiona mgeni, sasa alimpikia mtu aliyezoea kuwapikia mabalozi. Ulikula sukuma wiki yake na ugali wake bila neno. Yeye alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, akiutazama mdomo wako. Kesho yake anaongeza nyanya. Kesho kutwa anaziacha. Alitaka kujua jambo moja tu: kama chakula chake kinakupendeza. Kuuliza hakuthubutu, na wewe hukusema.

Sisi wengine tulidhani tunajua.

"Baba, kuku wa leo alikuwa mtamu?" Kinyanjui alikutania. "Hapa ni sukuma kama kawaida, usishtuke."

"Lete hiyo sukuma," ulimjibu.

Mama naye alimnong'oneza Nyokabi, "Mpe kidogo tu. Huyo ameshinda na nyama. Asijilazimishe kumaliza kwa ajili yetu."

Nyokabi akakukatia kipande kidogo cha ugali. Ulikimaliza, kisha ukaomba ukoko. Uliukwangua sufuriani kwa kijiko mpaka tukacheka, kwamba mpishi mkubwa wa Loresho anapenda ukoko kama mtoto.

Baada ya Pasaka alikuja Odero, yule mtunza bustani mliyefanya kazi naye. Tulipokuzika alikuwa kwao Siaya na habari hazikumfikia. Nyokabi alimpakulia githeri, mahindi na maharagwe, akarudi kusimama mlangoni. Odero alikula, akaifuta sahani kwa kidole, kisha akainua uso.

"Ni wewe Nyokabi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi leo nimeonja. Mzee alikuwa anakutaja mpaka nachoka."

Nyokabi alitazama sakafu. Mama ndiye aliyeuliza ulikuwa ukisemaje.

"Mama Kinyanjui, mzee wako hakuwa anakula pale. Anapika, anaonja na ncha ya kijiko, basi. Mchana ni chai ya rangi. Wenye nyumba walikuwa wamemwambia akule, hawakuwa na shida. Hata mimi namwambia, 'Kibe, hiyo kuku itabaki, kula bwana.' Ananiambia, 'Kula wewe. Mimi kuna msichana ananipikia nyumbani. Nikishiba hapa nitakaa pale kama mgeni.'" Odero akacheka. "Na kujisifu, wacha tu. Ati sukuma ya msichana yake haijawahi kuiva kupita kiasi. Ati bibi yangu aletwe Dagoretti afundishwe."

Hakuna aliyecheka naye. Mama alijiziba mdomo kwa leso. Kinyanjui alitoka nje, akasimama akiuangalia ukuta.

Ungesema, Baba. Neno moja tu, "ongeza," lingetosha. Tuliokuwa tukikupenda tulikupunguzia chakula kwa mapenzi, nawe ukanyamaza kwa mapenzi, na katikati yetu kulikuwa na njaa ambayo hatukuiona.

Nyokabi amepata jibu alilolitamani miaka yote, lakini lilikuja na njaa yako ndani yake. Ndiyo sababu hatulii. Siku nyingine tunamwona anafurahi peke yake akikatakata sukuma. Siku nyingine kisu kinasimama, anatoka nje.

Tulipokaa kupanga kumbukumbu hii, Kinyanjui alisema tukodi mpishi, watu watakuwa wengi, Nyokabi apumzike. Tukakubaliana. Nyokabi alikuwa akikusanya vikombe. Aliviweka chini.

"Nitapika mimi," akasema. "Mpishi wake ni mimi."

Hatukuwa tumewahi kumsikia akisema kwa sauti hiyo mbele za watu. Kinyanjui alimwuliza kama ataweza sufuria kubwa namna ile. Akamjibu, "Wewe leta unga, na usilete kidogo."

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya ibada, tutakula pamoja nyumbani kwako. Majirani, marafiki na wote uliofanya kazi nao wamealikwa. Nyokabi ametuomba tuandike hapa jambo moja kwa niaba yake: mtakaokuja, tafadhali msile kwanza kwenu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Waithera, wanao Kinyanjui na Nyokabi, mkaza mwanao Janice, dada yako Wanja, na rafiki yako Odero.

Hatutaketi kula hata siku moja bila kukukumbuka.