Uzi wa Langoni

Jumamosi. Joto la kabla ya mvua, na upepo unaoleta vumbi jekundu hadi ndani ya sahani. Nimefagia veranda tangu asubuhi na bado inaonekana kama sijaigusa.

Leo shemeji Kabamba, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuja kuweka lango jipya la bati. Alipofika tu aliuona uzi wa nailoni unaotoka langoni, unapita dirishani, hadi kwenye kiti cha kaka yake sebuleni.

"Mama Neema, hii kamba tunakata?"

Nilikwenda kupuliza makaa.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi wa majini, kule Ziwa Tanganyika. Siku boti yao iliposhambuliwa, aliruka majini kumshika mwenzake aliyeanguka. Bomu likapasuka ndani ya maji, karibu nao. Mwenzake hakurudi. Yeye alirudi bila hata mchubuko. Daktari alinieleza polepole: mlipuko ukiwa majini hauhitaji chuma ili ukufikie, maji yenyewe yanakupiga. Ulimpasua ngoma za masikio, ukamuumiza mapafu na matumbo.

Hapa mtaani kwetu Katuba watu walimtazama wakitafuta kidonda. Jirani yetu Papa Kalonji alimwambia, "Komanda, uliumia wapi sasa? Ngozi yako iko muzuri kupita yetu."

Alisoma midomo, akajibu, "Nilipigwa na maji."

"Maji? Basi mimi napigwa kila siku ya kuoga."

"Njo maana unaoga siku ya Noeli tu."

Wakacheka wote wawili, yeye mkono ukiwa kifuani, kwa sababu kucheka kulimuuma.

Uzi aliufunga mwenyewe, kipande cha uzi wa nyavu za wavuvi wa kwao Pweto. Nilipokuwa sokoni, wageni waligonga lango hadi wakachoka, naye ameketi ndani, hasikii. Basi alitoa ncha moja nje ya lango, nyingine akaizungusha mkononi.

Hakusikia kitu, lakini alijua ni nani.

Binti yetu Neema alivuta harakaharaka, kama mtu aliyebanwa na mkojo. Papa Kalonji alivuta kama anapiga kengele ya kanisa. Mimi nilivuta mara moja, taratibu, nikashikilia. Nilipoingia alikuwa amekwisha kusimama, ananiuliza kama nimepata samaki.

Kabamba hakuvuta hata siku moja. Alinipigia simu mimi, akimwita kaka yake Yaya kama tangu utotoni. "Yaya hanisikie, nitamuambia nini?" Simlaumu. Wengi waliogopa ule ukimya.

Mapafu yalimshinda mwaka jana, wakati wa baridi.

Niliporudi kutoka kwenye makaa, Kabamba alikuwa bado ananingoja, koleo mkononi. Nikaketi kwenye kile kiti. Sikuwa nimekikalia hata mara moja. Nikazungusha uzi mkononi.

"Kwanza toka inje, uvute."

"Namuita nani?"

"Vuta tu, shemeji."

Akatoka. Kwa kitambo hakukuwa na kitu. Kisha uzi ukakaza.

Muda wote ule nilikuwa upande wa kuvuta. Nilidhani huku ndani anahisi mguso mdogo tu, kama inzi. Kumbe mkono mzima unainuka, kama mtu amekushika na kukuomba usimame. Ndiyo maana nilimkuta amesimama siku zote.

Kabamba hakuachia. Lango la zamani lilikuwa katikati yetu, sikuuona uso wake, nami sikumharakisha.

Aliporudi, koleo lilikuwa mfukoni. Alilitazama bati jipya, akakohoa.

"Tundu nitoboe juu ao chini?"

"Palepale pa zamani."

Sasa jioni. Lango limesimama, uzi umepita. Veranda imejaa vumbi tena, lakini itangoja. Kesho Neema atarudi kutoka kanisani akivuta harakaharaka, nami nataka anikute nimesimama.