Mzee Asibebwe

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila magoti ni yaleyale. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu baba yako anasikiliza kila neno.

Ametoka hospitali na chuma kwenye nyonga. Daktari anasema mfupa umeunga vizuri. Sasa amelala anatazama dari. Mdogo wako na mumewe wanambeba asubuhi kumweka kwenye kiti, jioni wanambeba kumrudisha kitandani. Kula, namlisha mwenyewe.

Nasikia chuo kimekupa likizo ya mwaka mzima na mshahara unaingia. Hongera. Sasa kama unalipwa kukaa, si uje ukae hapa na baba yako? Wewe ndiye uliyesomea miguu ya watu.

Mama yako


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, pole na magoti. Mpe baba pole nyingi.

Silipwi kukaa, mama. Miaka yote hii nawafundisha wanafunzi namna ya kumsimamisha mgonjwa, na mimi mwenyewe nimeshasahau mgonjwa ana uzito gani. Ndiyo maana nimepewa mwaka huu: nirudi wodini, nifanye kazi na wazee waliovunjika nyonga, kisha niandike kitabu cha kufundishia. Nikiiacha wodi katikati, likizo inafutwa, na sijui kama nitaipata tena kabla ya kustaafu. Hata sasa mkuu wa idara ananitumia mitihani nimsahihishie, eti nina nafasi.

Na ninachokiandikia ndicho hicho mnachokifanya nyumbani. Mzee akibebwa, miguu inasahau kazi. Nawaona hapa: wametoka hospitali vizuri, wamerudi kwa watoto wenye mapenzi, baada ya miezi wanaletwa hata kukaa hawawezi. Mzee asibebwe. Mpeni fremu ya kutembelea, asimame mwenyewe, mtu awe karibu tu. Chakula kiwe mezani, si kitandani. Akikasirika, akasirike. Tukichelewa, hatatembea tena.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, kama kununa nako ni uzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Kwa hiyo mume wangu ahangaike na mimi nimesimama nyuma yake nimekunja mikono? Shangazi yako alikuja akatukuta hivyo hivyo, baba yako anakwenda chooni na fremu, mimi namfuata kama askari. Aliondoka bila kunywa chai. Sasa ukoo mzima unajua nimemchoka ndugu yao. Mdogo wako analia, mumewe haniangalii usoni. Na wewe uko huko unatuma amri. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lakini nimefanya ulivyosema, maana daktari naye alisema hayo hayo, ila yeye kwa adabu. Sasa baba yako anatoka kitandani mwenyewe mpaka sebuleni. Ananilaani njia nzima, lakini anafika.

Mama yako


10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi salama. Nimeisoma barua yako wodini, nikamsomea muuguzi mkuu kwa sauti, akapiga makofi.

Nimepata ruhusa ya wiki moja. Nakuja kumwona akitembea. Usimwambie.

Binti yako


29 Aprili

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama. Mimi mzima. Nina hasira na wewe na leo nitaitoa yote.

Siku ya kwanza ulimwona anatoka chumbani, mguu unatetemeka, ukakimbia kumshika. Nikasema moyoni, ni ugeni. Siku ya pili chai ukampelekea kitandani. Siku ya tatu nikakukuta umembeba kutoka bafuni, wewe na digrii zako. Nilipokukumbusha barua yako ukanijibu, "Mama, leo amechoka." Kila siku alichoka. Baba yako si mjinga, alijua ni nani wa kumchokea.

Tangu uondoke hajakanyaga sakafu. Anasema anangoja urudi, kwa sababu wewe ndiye unayempenda. Na mimi, niliyegombana na nusu ya ukoo kwa ajili ya miguu yake, ni nani? Nilichokijenga mwezi mzima umekibomoa kwa wiki. Ungebaki huko huko na amri zako.

Mama yako


6 Mei

Mama,

Shikamoo. Sina hata uso wa kuuliza habari za magoti.

Yote uliyosema ni kweli. Wodini wale ni baba za watu. Baba alipotoka chumbani akanitazama, kila nilichojifunza kilinitoka. Naona aibu, na nimechoka kuwa hodari mbali na nyumbani.

Nimeandika barua kwa mkuu wa idara kwamba naiacha likizo. Nitarudi kufundisha, na kila mwisho wa wiki nitakuja kwa baba. Nitaipeleka Ijumaa.

Binti yako


24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua hiyo usiipeleke. Kama umeipeleka, kaichukue. Kitabu chako kimalize, na humo uwaandike pia mabinti wanaokuja kwa wiki moja.

Sikiliza. Jumapili niliweka chakula mezani, nikasogeza fremu kitandani, nikatoka. Akaita. Sikwenda. Akaniita kwa jina langu la usichana, ambalo sijalisikia tangu tuoane. Nilikuwa jikoni nimeshikilia sinki, nalia, na sikwenda.

Kisha nikasikia fremu inakuja. Nikafuta uso, nikajua sasa nagombezwa. Akanipita bila kunitazama, akatoka nje, akavuka barabara mpaka kwa jirani yetu fundi redio, kunishtaki. Nilichungulia dirishani. Kasimama mlangoni kwa watu anataja makosa yangu yote, mkono mmoja kwenye fremu, wa pili ananionyeshea kidole. Jirani akamletea kiti. Akakataa, eti mtu aliyedhulumiwa hakai.

Mpaka leo hanisemeshi. Inaniuma, sikufichi. Lakini nimesikia akimwambia mdogo wako kwamba kesho anakwenda kwa kaka yake mkubwa, nyuma ya soko, akanishtaki na huko pia.

Nimempigia suruali pasi.

Mama yako