Fundi Hilaria na Fezi ya Tatu: Kikao cha Kamati ya Kiwanda cha Pamba Igembya

TAREHE: 16 Juni 2025
MAHALI: Ofisi ya kiwanda, Nkoma, Wilaya ya Itilima

WALIOHUDHURIA: Bujiku Mayige (Mwenyekiti), Ngassa Mhoja (Makamu), Nyanjige Masunga (Mjumbe, mkulima wa Migato), Novatus Clement (Katibu)
MWALIKWA: Hilaria Damas (fundi umeme wa kiwanda)
HAKUHUDHURIA: Joyness Onesmo (anauguza mgonjwa huko Bariadi)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi. Kilichelewa kwa sababu wajumbe walikuwa nje wakitazama transfoma ikirudishwa mahali pake kutoka karakana ya Mwanza. Mwenyekiti alisema hamlaumu mtu, naye alikuwepo.

KUMB. NA. 2/6/2025: TAARIFA YA TRANSFOMA
Katibu alikumbusha kwamba tarehe 20 Mei transfoma ilijizima mara mbili, pamba ikiwa imejaa ghalani. Fundi wa mkataba alipima, akaandika kuwa ni nzima, iwashwe. Bi. Hilaria alikataa kusaini kibali, akafunga swichi kuu kwa kufuli lake na kuondoka na ufunguo. Kamati ilimpa barua ya onyo kwa kura tatu dhidi ya moja. Bi. Nyanjige aliomba iandikwe ni nani aliyepiga hiyo moja. Ni yeye.

Bi. Hilaria alieleza kwamba fundi wa mkataba alipima kama umeme unavujia kwenye bodi, yaani kasha la nje la transfoma, na kweli haukuvuja. Yeye alipima uwiano wa mizunguko ya waya ndani ya koili. Fezi mbili, kati ya njia tatu za umeme, zilisoma 142.9. Ya tatu ilisoma 140.1, wakati tofauti inayovumilika haifiki hata moja. "Maana yake waya zimegusana zenyewe kwa zenyewe, humo humo ndani. Kwa nje huoni kitu."

Makamu aliuliza kama alikuwa na uhakika siku ile. Alijibu: "Nilipima mara tano, Mzee Ngassa. Hata hivyo wiki nzima sikupata usingizi."

Katibu alisoma taarifa ya karakana: koili ya fezi ya tatu ilikutwa imeungua, waya zimeshikana. Ingewashwa, tangi lake la mafuta lingeweza kupasuka na kuwaka moto. Ghala lipo hatua kumi na moja kutoka hapo, na siku ile akina mama kumi na tisa walikuwa ndani wakichagua pamba.

Bi. Nyanjige alisema kwa Kisukuma, "Wabeja sana, mayu," yaani asante sana, mama, akampa fundi mkono.

KUMB. NA. 3/6/2025: BARUA YA ONYO
Makamu alisimama bila kuitwa. Alisema barua aliiandika yeye. "Nilimwita mwoga mbele ya wafanyakazi. Nilikosea." Mwenyekiti alisema inatosha. Makamu alikataa, akasema atarudia maneno hayo uwanjani, mbele ya wale wale.

Iliazimiwa kwa kauli moja: barua ifutwe, na kuanzia leo transfoma isiwashwe baada ya hitilafu mpaka fezi zote tatu zipimwe na fundi wa kiwanda asaini.

Mwenyekiti alisema amekaa kwenye kamati miaka tisa na hajawahi kujivunia mfanyakazi kiasi hiki. Bi. Hilaria aliomba ruhusa akapime mara ya mwisho.

KUMB. NA. 4/6/2025: MENGINEYO
Hayakujadiliwa. Saa 5:52 mashine zote sita za kuchambua pamba ziliwaka, akina mama wakapiga vigelegele ghalani, na wajumbe hawakusikilizana tena. Mwenyekiti alifunga kikao kwa ishara ya mkono, saa 5:55.

........................ B. Mayige, Mwenyekiti
........................ N. Clement, Katibu